Muulize Fundi: Ukuta Unatetemeka, Nani Shahidi?

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya betri na pampu. Barua nne zilizonifikia zinauliza jambo moja kwa midomo minne: kitu kinachotetemeka utakionaje, utakipima kwa chombo gani, na utamthibitishia vipi mwenzio ambaye hakisikii kama unavyokisikia wewe. Nimetengeneza injini za boti hapa Amu, yaani Lamu, kwa miaka 31. Kiganja changu ndicho kipimo changu cha kwanza, na bado nakiheshimu. Lakini kimewahi kunidanganya nikiwa na roho za watu ndani ya boti, na siku hiyo nitaieleza.

Fundi, assalamu alaykum. Nyumba yetu ni ya mawe, ya babu, ipo Mkomani. Mwaka jana jirani alifunga mashine ya kusaga unga upande wa pili wa ukuta. Ikiwashwa, vikombe kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vinalia, na sakafu ya juu naisikia kwa nyayo. Sasa umetoka ufa juu ya mlango wa ndani. Jirani asema ni uzee wa nyumba, mimi nasema ni mashine yake. Ni watu wa damu, hatutaki kufikishana kwa chifu. Nitajuaje ukweli? (Dada wa Mkomani)

Wa alaykum salaam dada yangu. Umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. La kwanza, je, ufa unatembea? La pili, je, ukuta unatikiswa kiasi cha kuumia? Kila swali lina shahidi wake.

Anza na ufa. Tafuta kioo chembamba, hata cha fremu ya picha iliyovunjika, ukate vibanzi vya urefu wa kidole. Bandua chokaa iliyolegea mpaka ulifikie jiwe, maana ukibandika juu ya plasta utakuwa unapima plasta. Laza kibanzi kikatize ufa, ukishike ncha mbili tu kwa jasi, katikati kibaki wazi. Andika tarehe. Kioo hakijui kunyumbuka: ukuta ukifunguka hata kwa unene wa unywele, kinakatika. Usitumie karatasi. Kwa unyevu wa bahari yetu karatasi hulegea usiku na kukaza mchana, nayo itakupa habari zake yenyewe badala ya habari za ukuta. Pale ufa unapoishia piga mstari wa penseli, tarehe tena. Kisha ngoja miezi mitatu, na hakikisha ndani yake zimo siku ambazo mashine imelala, kama siku za Idi.

Kioo kikikatika katika juma la mvua na mashine imezimwa, jirani yako ana haki ya kusikilizwa. Nimewahi kuona Langoni nyumba iliyolalamikia jenereta mwaka mzima, na kibanzi kikakatika usiku ambao jenereta ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Walipofukua msingi, walikuta bomba la maji linavuja na udongo umeliwa chini ya pembe. Jenereta ilikuwa na kelele, lakini kosa halikuwa lake.

Sasa mtetemo wenyewe. Chukua sinia, tia maji kina cha kidole, liweke sakafuni juu, uwashe tochi ukiilaza ubavuni. Mashine ikiwaka utaona uso wa maji umejikunja mikunjo midogo kama kitambaa cha kanga kilichovutwa. Sinia litakuambia kwamba mtetemo upo, na ukilihamisha chumba hadi chumba litakuambia uko wapi zaidi. Halitakuambia ni kiasi gani.

Kwa kiasi, wahandisi wa majengo wana chombo kiitwacho jiofoni, nami nitakueleza kilivyo ili akija nacho usikiogope. Ni mkebe unaoingia kiganjani. Ndani yake sumaku imeshikamana na mkebe, na koili ya waya imening'inizwa kwa springi laini. Ukuta ukitikisika, mkebe na sumaku yake huenda pamoja na ukuta, lakini koili husita, hubaki nyuma palepale ilipokuwa. Huko kupishana kwao ndiko kunakozalisha umeme kidogo, na umeme huo hufuata kasi ya mtikisiko. Ndiyo maana jibu huja kwa milimita kwa sekunde. Lishike jambo hili la koili inayosita, maana litarudi katika kila barua iliyobaki: huwezi kupima kinachotikisika mpaka upate kitu kimoja kilichotulia.

Wajerumani wana kanuni ya majengo iitwayo DIN 4150. Kwa majengo ya kale na yaliyo dhaifu, mtetemo wa kudumu, kama wa mashine inayosaga kutwa, wameuwekea kikomo cha milimita 2.5 kwa sekunde, ukipimwa ghorofa ya juu kabisa. Kwa mota inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, yaani 24 kwa sekunde, hiyo ni kusogea chini ya sehemu moja ya hamsini ya milimita kila upande. Ni kitu kidogo mno. Na binadamu aliyetulia nyumbani kwake huanza kuusikia mtetemo ukiwa karibu milimita 0.3 kwa sekunde. Umeona pengo hilo, dada? Nyayo zako zinasikia mapema sana kuliko jiwe linavyoumia. Ukisema unaisikia mashine, unasema kweli tupu. Ukisema kwa hiyo ndiyo iliyopasua ukuta, hapo bado huna ushahidi.

Lakini simwachi jirani aende zake hivihivi. Sakafu yenu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko, na kila sakafu ina mdundo wake. Umewahi kupita juu ya ubao wa kupandia jahazi? Ukitembea mwendo wako ubao hautikisiki sana, ila hatua zako zikikutana na mdundo wa ubao, unakurusha. Fanya hivi: siku moja simama juu wakati mashine inazimwa. Kama vikombe vinalia zaidi kwa sekunde chache mashine inapopunguza mwendo, kisha vinanyamaza, basi mwendo wa mashine unapita kwenye mdundo wa sakafu. Dawa yake si ugomvi. Ni kubadilisha ukubwa wa puli ili kinu kikimbie mbali na mdundo huo, kukiweka kinu juu ya kitako chake cha zege kilichoachana na ukuta kwa nafasi ya viganja viwili, na kutia mpira mnene chini ya miguu yake. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli za kwenda na kurudi kwa mwanasheria.

Na tafadhali, ufa huo usiuzibe kwa saruji. Mji wenu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta zake ni matumbawe na chokaa. Saruji ni ngumu kuliko zote mbili, haipumui, na mwaka wa pili utaona ufa umehamia kando yake.

Fundi, shikamoo. Boti yangu ina dizeli ya silinda nne, napakia abiria Mokowe na visiwani. Tangu nilipoipandisha kuipaka rangi, inatetemeka sana injini ikifika mizunguko kama 1,800. Mafundi wawili wamekuja. Mmoja asema nozeli moja ya kunyunyizia mafuta imekufa, wa pili asema ni rafadha, lile panga linalosukuma boti majini. Gia yangu ni mbili kwa moja. Nimwamini nani? (Nahodha, Matondoni)

Marahaba nahodha. Umenipa hesabu, nami nakushukuru, kwa sababu hesabu yako inaonyesha kwa nini mafundi wako wanabishana na wote wawili ni watu wa akili.

Mizunguko 1,800 kwa dakika ni 30 kwa sekunde. Katika injini yako kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, yaani mara 15 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa kuwaka, boti itapata kilema mara 15 kwa sekunde. Sasa angalia upande wa pili: gia ya mbili kwa moja inaizungusha shafti mara 15 kwa sekunde. Rafadha iliyopinda nayo itatikisa mara 15 kwa sekunde. Ni mdundo uleule! Hata ungeleta kipimo cha masafa cha bei kubwa, kingesema hezi 15, yaani mara 15 kwa sekunde, na kunyamaza. Kama gia yako ingekuwa mbili na nusu kwa moja, shafti ingezunguka mara 12, na mtu mwenye kipimo angezitenganisha kwa dakika moja.

Kwa hiyo zitenganishe kwa mkono. Funga boti gatini, toa gia, ipeleke injini kwenye 1,800 ileile. Mtetemo ukibaki, mfuate fundi wa nozeli: legeza mrija wa kila nozeli kwa zamu, na ile usiyoona tofauti ukiilegeza ndiyo iliyokufa. Mtetemo ukipotea, basi uko shaftini au kwenye rafadha. Na kwa kuwa ulianza baada ya kupandishwa juu, mimi moyo wangu uko huko. Boti ya mbao ikikaa juu ya magogo hukaa umbo jingine, na ikirudi majini hujinyoosha. Ukifunga kapilingi, kile kiungo cha gia na shafti, boti ikiwa nchi kavu, umeifunga kwa boti ambayo baada ya siku mbili haipo tena. Ifungue ikiwa inaelea, utie vile visu vyembamba vya kupimia nafasi kati ya nyuso mbili za kapilingi, juu, chini, kushoto na kulia. Nafasi zisizolingana ndizo zinazokutikisa.

Hapa ndipo nieleze kosa langu. Miaka mingi nyuma nililetewa boti ya abiria, mwenyewe akiwa na wasiwasi na gia. Niliiweka mkono ikiwa inazunguka. Nilisikia ulaini kabisa, nikamwambia aende. Jioni yake, karibu na Kipungani, beringi ya gia ilishikana na maji yakaanza kuwavuta kwenye mikoko, giza linaingia, mna wanawake na watoto. Mashua ya wavuvi iliwakokota. Hakuna aliyeumia, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilikuja kujua baadaye kwa nini kiganja kilinyamaza. Vidole vya mtu husikia vizuri zaidi mtetemo wa karibu hezi 250, na ukipita elfu moja havisikii karibu chochote. Beringi inayoanza kuchubuka hulia juu zaidi ya hapo, maelfu ya hezi. Mkono wangu haukuwa mzembe, ni kwamba haukuumbiwa kazi ile. Tangu siku hiyo natumia bisibisi ndefu: ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa sikio. Beringi nzima huvuma kama upepo wa mbali, mbovu hukwaruza kama mchanga kwenye meno. Kwenye meli kubwa nimeona wahandisi wakibandika kipimo chenye mguu wa sumaku. Ndani yake mna kijiwe cha aina ambayo ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kikibanwa hutoa umeme. Juu ya kijiwe kuna uzito mdogo. Beringi ikitetemeka, uzito hukibana na kukiachia kijiwe, nacho husikia hata pale bisibisi yangu inapokoma.

Shikamoo babu fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi. Mwalimu anasema simu inaweza kupima mtetemo. Ni kweli? Na kuna chombo cha kupima kisichotumia betri, ambacho naweza kukiona kwa macho kikifanya kazi?

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako amesema kweli. Ndani ya simu mna kipande cha silikoni kilichochongwa mfano wa kitana, kidogo kuliko punje ya mchele, kikining'inia kwa vikono vyembamba. Simu ikisogea, meno ya kitana hukaribiana au kuachana na meno yaliyotulia kando yake, na simu husoma tofauti hiyo. Ni jiofoni ya yule dada wa Mkomani iliyofanywa ndogo. Lakini ujue mpaka wake: simu ikisoma mara 100 kwa sekunde, haiwezi kukupa habari za kweli za mtetemo unaozidi 50 kwa sekunde, kwa sababu kila wimbi linahitaji kusomwa zaidi ya mara mbili. Ilaze sakafuni wakati lori linapita, utaona. Usiitegemee kwa beringi.

Chombo kisicho na betri nakijua kimoja kwa mapenzi yangu yote. Nikiwa mwanafunzi wa ufundi nilipelekwa chumba cha jenereta, na kwenye ubao wake palikuwa na dirisha dogo la kioo, ndani yake vijibapa vya chuma vilivyopangwa safu kama meno, kila kimoja kina kichwa cheupe. Chini yake pameandikwa 47, 48, 49, 50, 51, 52, 53. Jenereta ilipokaa sawa, kijibapa cha 50 peke yake kilikuwa kimetanuka na kuwa mstari mrefu mweupe, majirani zake wakitikisika kidogo, na wa pembeni wametulia tuli. Mzigo ulipoongezeka na injini kuinama, mstari ulihamia 49 mbele ya macho yangu. Kila kijibapa kimekatwa kwa mdundo wake, na umeme ukiita mdundo huo, mwenyewe huitikia. Vyombo vya namna hiyo vilifungwa hata kwenye mashine za meli, vikisoma mizunguko kwa mtetemo wa mashine yenyewe.

Chumba hichohicho kilikaribia kunikata mkono. Jenereta ya mizunguko 1,500 huenda mara 25 kwa sekunde, na feni yake ilikuwa na mapanga manne, imefungwa moja kwa moja kwenye shafti: mapanga 100 kwa sekunde. Taa ya mrija iliyowashwa kwa umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Nilipoinama nyuma ya mashine niliyaona mapanga yamesimama, ukungu kidogo tu pembezoni. Nilinyoosha mkono kuokota kitambaa. Mkubwa wangu alinivuta kwa ukosi wa shati. Jambo hilo hilo lililotaka kunilemaza ndilo chombo kiitwacho stroboskopu, kilichobuniwa mwaka 1832 na Joseph Plateau wa Ubelgiji na Simon Stampfer wa Austria, kila mmoja kwake. Ukilinganisha mpepeso wa taa na mzunguko, kinachokimbia huonekana kimesimama, na unaweza kusoma hata ufa kwenye panga la feni. Ukitumia, fanya desturi ya kusema kwa sauti "hii inazunguka" kabla hujainama.

Nyumbani, jaribu hili. Pata sinia jembamba la bati, liweke juu ya spika, unyunyize mchanga mkavu mlaini, kisha piga sauti moja ndefu. Mchanga utaruka kutoka panapotetemeka na kujikusanya kwenye mistari iliyotulia. Robert Hooke aliona jambo hilo kwa unga juu ya kioo mwaka 1680, na Ernst Chladni wa Ujerumani akachapisha michoro mingi mwaka 1787, akisugua ukingo wa bamba kwa upinde wa fidla. Badilisha sauti, mchoro utabadilika. Chora kila mmoja na uandike sauti yake.

Fundi, mimi ni mvuvi wa zamani, nipo Shela. Mwaka 2004 niliona bahari ikitoka na kurudi si kwa saa zake. Nilitia alama kwa panga kwenye nguzo, pale maji yalipofika. Wanasema mashine za kupima matetemeko zipo dunia nzima. Zilikuwa wapi?

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikaa kifuani tangu barua ilipofika.

Mashine zilikuwepo, na ziliona. Chombo hicho, seismografu, kiini chake ni timazi ya mwashi: uzito mzito umening'inia, na ardhi inapotikisika chini yake uzito husita, kalamu ikaandika tofauti kwenye karatasi inayotembea. Wachina walikuwa na mtungi wa shaba wa Zhang Heng mwaka 132, uliodondosha mpira upande lilikotokea tetemeko. Waingereza waliokuwa wakifundisha Japani, John Milne na wenzake, walitengeneza vyombo vya kuandika miaka ya 1880. Na mwaka 1889 Ernst von Rebeur-Paschwitz, akiwa Potsdam, Ujerumani, kwa shughuli ya nyota, alikuta kwenye karatasi yake mchoro asioujua. Lilikuwa tetemeko la Japani. Hapo ndipo watu walipojua kwamba ardhi hupeleka habari mpaka upande wa pili wa dunia.

Tarehe 26 Desemba 2004, sakafu ya bahari iliyo mbele ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ilipasuka saa kumi kasoro dakika 2 usiku kwa saa zetu, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Mtetemo ndani ya ardhi ulipita chini ya vitanda vyetu hapa baada ya dakika kama kumi. Hatukuusikia, tulikuwa tumelala. Wimbi la majini, lile la tsunami uliloliona, lilichukua mpaka mchana. Muda wa saa nane na zaidi, mzee wangu! Chombo kilikuwa na habari kwa muda wa saa nane nzima. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa habari kwenye karatasi mpaka ufukweni, kwa sababu Bahari ya Hindi wakati ule haikuwa na mfumo wake wa tahadhari. Ulijengwa baadaye. Kwetu, habari za redio na simu kutoka Asia ziliwahi kufika, watu wakaondolewa ufukweni, na Kenya ilipoteza mtu mmoja, wakati ndugu zetu wa Somalia walipoteza mamia. Ilikuwa mwezi mpevu, bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yalikuwa yametoka. Hilo nalo lilitusitiri.

Kipimo cha kupwa na kujaa kilichokuwa hapa Amu kiliandika maji yakipanda na kushuka kama ulivyoona. Kiliandika sehemu moja, na wewe ulichonga sehemu nyingine. Ukiona tena bahari inatoka nje ya saa zake, usingoje redio: wapigie kelele wajukuu mpande juu kwenye vilima vya mchanga. Na hiyo nguzo naomba usiruhusu ing'olewe wala kupakwa lami. Nitakuja siku ya bamvua ijayo, maji yakiwa yametoka kabisa, na futi yangu na pimamaji, tupime pamoja alama yako iko juu kiasi gani kabla fukusi hawajaimaliza mbao.